Tembo Aliyeshtakiwa Nguzoni

"Jamani, tembo kamaliza mahindi ya Mama Kwaya! Kala, kakanyaga, na risiti kaacha pale pale!"

Olima alikuwa hajashuka hata kwenye baiskeli. Gunia la dagaa lilikuwa limelalia upande mmoja nyuma yake, likitaka kumwangusha, lakini yeye habari ilikuwa inamwasha zaidi. Huyu ni mzaliwa wa Sirari, kule mpakani, nusu ya ndugu zake wako Kenya na nusu wako Tanzania, na habari zake nazo huwa hivyo hivyo, nusu kweli na nusu za kuongezea njiani. Watu wa kijiji cha Natta walimpa jina la Redio, na wakasema ubaya wa redio hii ni kwamba haina kitufe cha kuzimia.

"Risiti?" aliuliza Mokami, huku akimimina kahawa. "Tembo wa kwenu wanatoa risiti?"

"Mavi, Mokami! Lundo la mavi pembeni ya shamba, aki ya Mungu nimeyaona kwa haya macho. Nimebeba na kipande hapa, kwa sababu nyinyi watu wa hapa bila kuona hamwamini."

"Usikifungue karibu na kashata zangu!"

Kijiwe chenyewe kinaitwa Nguzoni, kando ya barabara ya magari ya watalii. Benchi lake ni nguzo ya umeme iliyoletwa ije isimamishwe, ikalazwa chini kwa muda, na muda wenyewe ukawa huo mpaka leo. Mokami akaona isiharibikie bure, akaweka jiko la mkaa na birika la kahawa ya Tarime, na tangu hapo nguzo imekuwa ikitoa moto wa maneno tu. Asubuhi hiyo walikuwa wameketi wawili. Mmoja ni Werema, aliyeitwa Porini kwa sababu alifanya kazi kwenye kambi ya watalii na kuongea kama askari wa wanyamapori, wakati kazi yake ilikuwa jikoni, kuosha sahani. Wa pili ni mzee Stanslaus, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Kanuni. Ukimgusa kidogo tu anakwambia, "Kanuni ni kanuni." Mtoto akipita bila kuamkia, kanuni. Mbuzi akivuka barabara vibaya, kanuni.

Sasa huyu Kanuni, msimwone ametulia na kikombe chake mkononi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama cherehani. Maana katika Natta nzima mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwa hakika kwamba tembo hakula mahindi ya Verdiana, yule Mama Kwaya, na mtu huyo alikuwa yeye.

Jana yake jioni alikuwa akichunga mwenyewe. Akaketi kidogo, akafungulia mpira kwenye simu, akasema ni dakika mbili tu. Mpira bwana! Alipoinua kichwa, ng'ombe wake walikuwa katikati ya mahindi ya Verdiana, wanatafuna kama wamealikwa. Akawatoa kwa fimbo na kwa sala. Halafu, badala ya kwenda kwa mwenye shamba kusema neno, mzee mzima, mjumbe wa kanisa, baba wa mtoto aliye chuo kikuu, akachukua ndoo nyumbani, akaenda mpaka kwenye njia ya tembo upande wa pori, akazoa mavi, akaja kuyamwaga pembeni ya shamba na kukimbia.

Mungu si Athumani. Alipofika zizini na kuwatazama ng'ombe wake, mmoja hayupo. Naye ni Kamati! Kamati ndiye ng'ombe wake wa maziwa, mweusi mwenye paji jeupe, aliyepewa jina hilo kwa sababu akikaa mahali hanyanyuki mpaka kila kilichopo kiwe kimeliwa. Ndama wake alikuwa bado ananyonya. Usiku kucha ndama alilia, na Kanuni alijifunika blanketi mpaka kichwani. Angeulizia ng'ombe wake kwa nani? Angesema kapotelea wapi?

"Huyo tembo ashughulikiwe!" alisema sasa kwa sauti ya mtu wa haki. "Kanuni ni kanuni. Leo kala kwa Verdiana, kesho atakula kwa nani? Tumhukumu hapa hapa."

"Mzee Kanuni, tumhukumu vipi na hayupo?" alisema Porini.

"Wangapi wamehukumiwa hawapo? Mkutano wa kijiji mwaka jana si mlinichagua kuwa mlinzi wa kisima nikiwa msibani?"

"Basi kesi ianze," alisema Mokami. "Redio ni shahidi, Porini ni mtaalamu, Kanuni ni hakimu. Ila mshtakiwa hana wakili. Huo ni uonevu."

Hapo ndipo alipotokea Ghati, binti wa Kanuni, na simu ya baba yake mkononi. Ghati alikuwa amerudi likizo kutoka chuo, anasoma falsafa, somo ambalo baba yake alilisifia kila mahali na ambalo hakuna siku aliwahi kueleza ni la nini.

"Shikamooni."

"Marahabaa, mwanetu!"

"Baba, simu yako imeshajaa chaji. Jana mpira uliimaliza kabisa."

"Mpira gani tena?" Kanuni aliipokea haraka. "Mimi jana nilikuwa na ng'ombe."

"Haya, wakili kaja!" Redio alipiga kofi. "Ghati, mwanangu, keti. Kuna tembo hapa anataka kufungwa. Wewe unasomea maneno, mtetee."

"Sisomei maneno, baba Olima."

"Kwani unasomea nini huko? Karo yote ile?"

Ghati akacheka, akaketi kwenye ncha ya nguzo. "Nimepewa kazi ya likizo. Niandike tafakuri juu ya mambo matatu: maadili, lugha, na tunavyojua kile tunachosema tunakijua. Mwalimu kasema tuanzie nyumbani, tukae na watu, tuulize swali moja tu: tunajuaje?"

"Swali moja, likizo nzima?" Porini alishika kiuno. "Binti, mimi jikoni nauliza maswali hamsini kabla ya chai na sijapewa hata cheti!"

"Muache aulize," alisema Mokami. "Uliza, mwanangu."

"Baba Olima, tunajuaje kwamba ni tembo?"

"Mavi!"

"Kuna aliyemwona akiyaacha?"

"Ai, omera, ndugu yangu! Nani anamchungulia tembo chooni? Mavi ni ya tembo, kwa hiyo tembo alikuwepo, kwa hiyo tembo kala. Hiyo ni hesabu."

"Kwa hiyo nikikuta gamba la dagaa mlangoni kwa Mokami, ni wewe umelala hapo?"

Porini nusura amwage kahawa. Mokami alimrushia Ghati kitambaa cha kufutia vikombe. "Koma! Uniachie jina langu!"

"Naonyesha mfano tu, mama."

"Mfano wako una mume, mwanangu, na ana wivu."

Kanuni hakucheka. Jasho jembamba lilikuwa limeanza kumtoka chini ya kofia. "Haya mambo ya kitabu," alisema. "Tembo ni tembo. Tangu babu zetu, kikipotea kitu shambani ni tembo. Hata ile mihogo ya katekista..."

"Ile mihogo aliiba katekista mwenyewe," alisema Mokami. "Aliiuza kabla mkewe hajaivuna."

"Lakini tembo alisemwa!"

"Alisemwa, ndiyo. Tembo wa hapa amesemwa kwa mengi. Kuna binti alipata mimba kule juu, nikawa nangoja tu kusikia."

"Ngojeni," alisema Porini, akavaa uso wa kitaalamu. "Lete hicho kipande. Sisi watu wa porini mavi tunayasoma kama gazeti."

Redio alifungua mfuko. Porini akainama, akageuza kwa kijiti. Akageuza tena. Tembo pekee aliyewahi kumkaribia maishani alikuwa yule aliyechorwa kwenye orodha ya vyakula kambini, lakini mavi mtu yeyote wa Natta anayajua, huhitaji kuajiriwa.

"Redio, umesema tembo kala lini?"

"Jana. Juzi nilipita, mahindi yamesimama wima kama polisi."

"Sasa mbona mavi haya yamekauka mpaka ndani? Tazama, nyasi zimeshaota juu yake. Haya yana mwezi!"

Wote wakainama. Kweli, vijani viwili vya kijani vilikuwa vimechomoza, vizuri kabisa, vyenye afya.

"Subirini kidogo," Mokami alisema polepole. "Yaani tembo kala jana, lakini kanya mwezi uliopita?"

"Huyo analipa kabla hajanunua!" Redio aligonga magoti. "Tembo muaminifu namna hii tumpe duka!"

Kicheko kiliwafikia hata waliokuwa kisimani. Porini alilala chali juu ya nguzo akipiga miguu hewani. Ghati alicheka naye, lakini macho yake yalikuwa kwa baba yake, na Kanuni aliyakwepa yale macho akatazama barabarani kama anangoja mgeni.

"Labda alikuwa na tumbo gumu," alisema.

"Mwezi mzima, mzee?"

"Wazungu wana dawa ya tumbo, tembo ana nani?"

"Basi alikuja nayo," alisema Redio. "Aliyabeba kwenye mkonga toka porini, akasema ngoja niyaweke hapa watu wajue nimefika."

"Tembo hana ndoo," alisema Ghati kwa upole.

Neno ndoo lilimpiga Kanuni chini ya mbavu. Akameza kahawa ikiwa ya moto, ikamuunguza, akavumilia.

"Kwa hiyo mtu kayaweka," alisema Mokami. Kicheko kilikuwa kimekwisha sasa. "Mtu mzima kaamka, kazoa mavi, ili tembo asemwe. Lakini jamani, si tembo tu kasingiziwa. Mama Kwaya mwaka huu alikuwa na lile shamba tu. Yuko Nyambureti kwenye msiba, anarudi leo. Anakuja kukuta nini?"

Verdiana alimjua kila mtu na kila mtu alimjua. Ndiye aliyeimbisha kwaya ya kanisa, ndiye aliyepika kwenye misiba ya wengine, na yale mahindi ndiyo chakula cha nyumba yake mpaka msimu mwingine. Kanuni alijua hayo kuliko wote. Yeye na mumewe marehemu walikuwa ndugu, baba zao wawili wa tumbo moja. Verdiana ni shemeji yake.

"Na kumsingizia tembo ni dhambi?" Redio alivunja kimya, kwa sababu kimya kilikuwa kinamkosesha kazi. "Amri inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Tembo ni jirani?"

"Mimi nalala upande huu wa barabara, yeye analala upande ule," alisema Porini. "Tunakunywa mto mmoja. Kama huyo si jirani, jirani ni nani?"

"Na kama si tembo," aliuliza Mokami, "ni ng'ombe. Sasa ng'ombe wa nani?"

Hapo Kanuni aligeuka. Na aligeuka kweli kweli, maana mtu aliye majini hushika hata unyasi. Akasimama, akavua kofia.

"Sikilizeni. Mimi nilikuwa nimekosea kumhukumu tembo, nakiri. Mwanangu kanifungua macho. Tunajuaje? Hilo ndilo swali! Hatuwezi kujua ni tembo. Na kama hatuwezi kujua ni tembo, hatuwezi kujua ni ng'ombe pia. Mahindi yameliwa. Tuishie hapo. Yameliwa."

"Yameliwa na nani, baba?"

"Yameliwa tu! Kuna vitu hutokea."

"Kama glasi zangu," alisema Mokami. "'Mokami, glasi imevunjika.' Miaka yote niliyouza hapa, hakuna mtu aliyewahi kuvunja glasi. Zinavunjika zenyewe. Zimechoka kuishi."

"Na wakubwa nao wakija mkutanoni," alidakia Porini, "'makosa yalifanyika.' Ukitafuta aliyeyafanya, unaambiwa yalifanyika!"

"Lakini mkubwa kasema kweli!" Kanuni alikuwa amepata moto sasa, falsafa imempanda kichwani kama pombe ya mtama. "Nani kati yenu anajua kitu? Macho hudanganya. Juzi nilimsalimia mtu wa Issenye nikadhani ni mjomba. Ng'ombe wote wana miguu minne. Mweusi wako na mweusi wangu, usiku ni mmoja. Tunajuaje hata kama yale yalikuwa mahindi?"

"Hee!" Redio alishika kichwa. "Hii falsafa inauma!"

Ghati aliinua mkono kama yuko darasani. "Baba, kwa hiyo mtu akisema ng'ombe huyu ni wangu, kwa sababu ana paji jeupe, hiyo haitoshi?"

"Haitoshi! Mapaji meupe yako mangapi?"

"Na sikio lililokatwa alama?"

"Kisu ni kisu. Mtu yeyote hukata."

"Na akisema namjua tu, nimemkamua mwenyewe?"

"Hayo ni maneno ya mdomo. Mdomo una mfupa? Kanuni ni kanuni, mwanangu: bila ushahidi, hakuna anayejua chochote."

"Wazee, mmemsikia baba?"

"Tumesikia!"

Kanuni aliketi, akajipangusa jasho, akaagiza kahawa nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu jana alijisikia salama. Aliona kweli ile ada haikupotea, kumbe somo hili lina faida yake. Kisha akasikia kwato barabarani.

Hakuhitaji kugeuka. Mwendo ule aliujua, mzito, wa kuburuta kidogo mguu wa nyuma. Verdiana alikuwa anakuja katikati ya barabara, bado amevaa kitenge cha msibani, ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Kamati.

"Amani iwe nanyi, watu wa Nguzoni."

"Na kwako, Mama Kwaya. Pole na msiba. Na pole na shamba."

"Nimeshapoa. Nimefika alfajiri, nimekuta shamba langu limenyolewa, na katikati pale penye mahindi marefu nimemkuta huyu amelala. Kashiba mpaka ananikoromea." Akaivuta kamba. "Mnaijua kanuni. Ng'ombe akikutwa shambani hafukuzwi. Anafungwa, na mwenyewe anakuja mbele za watu anasema mambo mawili: ni wake kwa alama gani, na kapotelea wapi. Asipotokea mtu, Jumapili tunamchinja, watu wa msiba wale. Ni wa nani?"

Porini alitazama angani. Redio, kwa mara ya kwanza katika historia, hakuwa na habari. Kila mtu pale alimjua Kamati, maziwa yake ndiyo yaliyokuwa ndani ya chai ya nusu ya kijiji. Macho yote yalikuwa yanamtembelea mzee mmoja mmoja, yaani Kanuni, kisha Kanuni tena.

"Shemeji," alisema Kanuni, sauti ikitoka kama imebanwa na mlango. "Huyo... huyo si kama ni wangu?"

"Unajuaje?" alisema Mokami.

"Ana paji jeupe!"

"Yako mangapi?" alisema Porini.

"Tazama sikio, nimemkata mimi!"

"Kisu ni kisu, mzee," alisema Redio, akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. "Mtu yeyote hukata."

"Nimemlea tangu mtamba, nimemkamua mwenyewe, jamani! Namjua huyu kama mke wangu!"

"Maneno ya mdomo," walijibu wote watatu. "Mdomo una mfupa?"

Verdiana hakuelewa kicheko kile, hakuwepo. Yeye alisimama na kamba yake. "Shemeji, kama ni wako mimi sina neno. Sema tu alipotelea wapi."

Kanuni aliizungusha kofia mkononi. Akamtazama binti yake, kama mtu anayeomba aongezewe maneno. Ghati alibaki ameketi, mikono juu ya magoti.

Ndipo kutoka upande wa nyumbani kwake ikaja sauti ya ndama. Nyembamba, imekauka kwa kulia usiku kucha. Kamati akainua kichwa, masikio yote mawili yakageuka kule, akajibu kwa mlio mrefu uliotikisa vikombe. Kiwele chake kilikuwa kimejaa mpaka kimeng'aa, na maziwa yalianza kudondoka yenyewe barabarani, tone kwa tone, kwenye vumbi.

Mfugaji hawezi kulitazama hilo. Mwizi anaweza, mwanasiasa anaweza, mfugaji hawezi. Ng'ombe alikuwa anaumia, mtoto wake alikuwa na njaa, na shemeji yake naye mwaka huu angekuwa na njaa, na kilichosimama katikati yao wote kilikuwa ulimi wake mwenyewe. Aibu ilimpanda Kanuni kutoka miguuni.

"Ni wangu," alisema. "Kapotelea shambani kwako, shemeji. Mimi nilikuwa natazama mpira. Ng'ombe wangu wamekula mahindi yako. Hayajaliwa tu, wameyala wao, na mimi ndiye niliyekuwa mchungaji. Na yale mavi, nimeyaleta mimi, kwa ndoo. Nilikuwa naogopa uso wako."

Verdiana aliizungusha kamba mkononi.

"Uso wangu?" alisema Verdiana. "Stanslaus, mimi nilikupikia ulipofiwa na mama. Uso huu huu."

"Najua."

"Unajuaje?" Redio alishindwa kujizuia. Mokami alimpiga na kile kitambaa.

Verdiana alimkabidhi Kanuni kamba. Alikuwa na machozi na alikuwa amekasirika, na vyote viwili alivionyesha bila haya. "Nenda ukamnyonyeshe huyo mtoto. Kisha kila asubuhi maziwa ya Kamati, ukitoa ya ndama, yatakuja kwangu mpaka nivune tena. Na shamba tutalipanda upya, wewe na jembe lako mbele."

"Haki yako, shemeji."

"Sijamaliza. Yale mavi sitaki kuyaona shambani kwangu. Uliyoyatoa, yarudishe."

"Nitayazika leo hii."

"Nimesema yarudishe. Kwa mwenyewe. Kwa ndoo ile ile, kichwani, mchana kweupe, kwa barabara kuu. Na kila atakayekuuliza umebeba nini, umwambie. Ulimchafulia jina mbele za watu, utamsafisha mbele za watu."

Kanuni alimtazama Porini, akamtazama Redio, akitafuta mtu wa kumtetea. Porini alikuwa tayari anamfundisha Mokami jinsi ya kupiga picha na simu. Redio alikuwa amepanda baiskeli, dagaa wake wakilalia upande, akipaza sauti tangu mguu wa kwanza kwenye pedali.

"Habari zilizotufikia sasa hivi! Tembo kaachiwa huru! Hana kesi! Wananchi mnaombwa kumwomba radhi popote mtakapomwona, ila kwa mbali!"

Basi jua likiwa utosini, Natta ikamwona mzee Kanuni barabarani na ndoo kichwani, nyasi mbili za kijani zikichungulia ukingoni. Binti yake alitembea naye, kwa hiari yake.

"Shikamoo mzee, umebeba nini?"

"Marahabaa. Mavi ya tembo. Ng'ombe wangu walikula mahindi ya Verdiana, nikamsingizia tembo."

Mara ya kwanza aliisema kwa kunong'ona. Mara ya tatu aliisema kama mtu anayeagiza kahawa. Walipofika penye nyumba za mwisho, hata alianza kujisikia mwepesi, ingawa ndoo ilikuwa ile ile.

"Ghati."

"Abee baba."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Ndama analia, ng'ombe hayupo, na ndoo ya kuoshea vyombo inanuka pori."

"Na mbona hukuniambia? Umeniacha nikahubiri pale kama mwehu!"

"Kujua niliweza peke yangu, baba. Kusema kulikuwa kwako. Ningesema mimi, ungebaki na nini?"

Kanuni aliiweka ndoo vizuri kichwani. Alitaka kukasirika, hasira haikuja. Alitaka kumsifu, nako akaona aibu. "Utaniandika kwenye hiyo kazi?" aliuliza mwishowe.

"Bila jina."

"Weka jina. Kanuni ni kanuni."

Gari la watalii lilikuja taratibu nyuma yao, likasimama. Vichwa vikachomoza juu ya paa, na kamera zikafuata. Dereva, kijana mwenye miwani ya jua, akageuka kwa wageni wake, akaanza kueleza kwa Kiingereza, kirefu, mkono ukimwonyesha Kanuni, kisha ndoo, kisha pori, kisha mbinguni. Wageni walishika vifua. Mama mmoja alifuta machozi.

"Anawaambia nini?" aliuliza Kanuni.

Ghati alikuwa anajikaza asicheke. "Anasema hii ni mila ya kale ya watu wa hapa. Kila mwaka mzee mwenye heshima kuliko wote hurudisha kinyesi cha tembo porini, kumshukuru kwa kuleta mvua."

"Kila mwaka?" Kanuni aliitua ndoo chini. "Mvua? Yeye anajuaje? Mtoto wa nani huyu? Ghati, waambie mwenyewe, kwa hicho Kiingereza nilichokilipia. Waambie hakuna mila. Waambie ng'ombe wangu anaitwa Kamati, alikula mahindi ya shemeji yangu, nikamsingizia tembo, na sasa naona aibu. Neno kwa neno!"

Ghati akawaambia, neno kwa neno. Wageni walisikiliza kwa heshima kubwa, wakatazamana, wakapiga makofi. Yule mama aliyekuwa analia akainama dirishani, akauliza kitu.

"Anasemaje?"

"Amekushukuru sana kwa hadithi ya mababu," alisema Ghati. "Anauliza ngoma inaanza saa ngapi."